Mbele au Nyuma

Jumamosi, 3 Mei 2025. Riyadh

Nimemwona mwanangu Ian! Mzima mzima, kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Kwa simu huwa naonyeshwa kipaji cha uso na dari ya chumba, basi. Beverly, mke wa Allan, babake Ian, amefungua ukurasa wa timu na sasa mechi za vijana zinarushwa moja kwa moja. Kwao Adelaide ni saa nane unusu mchana, hapa saa mbili asubuhi. Nilibadilishana shifti na Asumpta ili niipate Jumamosi.

Picha mbovu. Mtu amepanda na simu juu ya paa, upepo unavuma, hakuna mtangazaji, hakuna majina. Lakini ninayo ile picha ya mwaka jana, Ian na jezi namba kumi na nane. Nikatafuta kumi na nane tu. Nikampata! Mrefu jamani! Nilimwacha akiwa na miaka kumi na mmoja, kichwa kinanifika kwapani. Sasa ana kumi na saba, na ukimtaka salamu lazima uangalie juu.

Mchezo wenyewe sijauelewa. Mpira una umbo la yai. Uwanja ni wa mviringo, milingoti minne kila upande, golikipa hakuna. Ukiupitisha katikati ni pointi sita, pembeni ni moja. Halafu wanapandiana mabegani kuudaka angani! Mimi ni nesi wa wodi ya mifupa — kila anayeruka naona goti litakaloletwa hospitali Jumatatu. Roho mkononi mechi nzima.

Amefunga mara mbili. Nimelia hadi mto umelowa. Kulia kuzuri.

Jumapili, 4 Mei

Nilimsifu Ian kwa magoli mawili. Akanitumia sauti, anacheka: "Mum, bado hujajua hii game." Kiswahili chake kilibaki darasa la tano. Sauti ya mwanamume, maneno ya mtoto. Nikasema moyoni, ona unyenyekevu! Kwa kina Allan hakuna mnyenyekevu hata mmoja. Huo ameutoa kwangu.

Jumamosi, 10 Mei

Kumi na nane tena. Matatu leo! Simu ya juu ya paa inafuata mpira ukienda kwa goli la wengine tu. Ukirudi upande wetu picha inabaki imeelekea huko huko mbele, naye mwenye simu nadhani ndio anakunywa chai yake. Sijali. Mwanangu yuko mbele.

Asumpta amekuja na uji, akatazama kidogo. Amesema Ian ameshika mwendo wangu kabisa, vile ninavyotupa mguu wa kulia. Ni kweli! Nilikuwa sijaona mpaka aliposema.

Jumatatu, 12 Mei

Msimamizi wa wodi ameniita. Alhamisi nahamia tawi la Jeddah. Wenzetu Waislamu wanapelekwa kuhudumia mahujaji, na sisi tusioruhusiwa kuingia Makka tunaziba mapengo. Mpaka lini? Akainua mabega tu.

Na ile likizo ya Juni, ya kwenda Adelaide? Mafi, hakuna. Viza ya kutoka na kurudi wataitazama baada ya Hija. Mwaka jana walisema baada ya Ramadhani. Mwaka juzi ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ilikuwa kwa mtu fulani ambaye yuko likizo. Huu ni mwaka wa sita. Sikulia, nilikunja tu ile karatasi ya kuomba likizo nikairudisha mfukoni.

Jumanne, 13 Mei

Ian amepiga mwenyewe! Hakusukumwa na babake aje amsalimie mama.

Wachaguzi wa timu ya vijana ya jimbo wanakuja Jumamosi. Kocha anataka aamue kabla ya Alhamisi — acheze mbele, kushambulia, au nyuma, kulinda. Abaki hapo, aonekane hapo. Akichukuliwa, klabu kubwa zitaanza kumjua jina. Asipochukuliwa, mwaka ujao umri umempita, na kuna wengine mia nyuma yake. Dad anasema mbele. Beverly anasema aamue mwenyewe.

"Lakini wewe ndio unaniangalia every week, Mum. Niambie wewe."

Nimemwomba siku moja. Kwa miaka sita swali nililokuwa naulizwa ni moja: viatu umetuma? Leo mwanangu ameniuliza jambo la maisha yake. Nimekwenda wodini miguu haigusi sakafu.

Jumatano, 14 Mei

Nilimweleza Asumpta tukimgeuza mgonjwa wa nyonga. Akasema, "Monicah, muulize mtoto roho yake iko wapi, umjibu na hiyo." Nikaona ni jibu la mtu ambaye hajazaa.

Mimi nimecheza nyuma maisha yangu yote. Kubadilisha shuka, kupanguza walichomwaga wengine, kumshika mgonjwa asianguke. Washike mia wasianguke, hakuna wa kukupigia makofi. Aanguke mmoja — barua! Kulinda ndiko huko. Tena wale wa nyuma ndio wanaoparamiwa na kila anayekuja mbio. Mwanangu asikae nyuma.

Nikampigia. Nikasema: mbele, Ian. Usikubali kupelekwa nyuma, hata wakubembeleze.

Akaniuliza:

"Kweli, Mum? Umeona hivyo?"

Nikasema nimeona kwa macho yangu, kila Jumamosi.

Kisha polepole akasema alidhani nitasema nyuma. Nikamwambia hapo kwa mara ya kwanza babako hajakosea, andika tarehe. Akacheka kidogo.

"Sawa. Kama umeona wewe."

Natembea kifua mbele. Nimefunga sanduku nikiimba nyimbo za kwaya. Asumpta ameniambia ninapoimba ndipo anapokumbuka kwa nini walinitoa kwaya.

Ijumaa, 16 Mei. Jeddah

Tumefika jana. Chumba kiko Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Joto la hapa lina maji ndani yake, sare inanata mgongoni kabla hujafunga vifungo. Ninakaa na Roseline, nesi wa watoto, mtu wa Kericho, maneno mengi, moyo safi. Nimemwambia kesho asubuhi asipange kitu. Tuna mechi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika mechi ikiwa ndio imeisha. Sijui kama watamchukua. Amecheza vizuri, lakini ameharibiwa!

Tuliiegemeza simu kwenye chupa ya maji, Roseline na chai, mimi na maombi. Kumi na nane alikuwa mbele kama kawaida. Lakini leo wamemwekea kijana mwingine ubavuni, thelathini na moja. Mweusi pia, mrefu zaidi, mikono mingi kama mtu anayefukuza nyuki. Kila mpira ukimjia kumi na nane, huyo amejitosa katikati. Akiudaka anaudondosha. Amepiga pembeni mara tatu, pointi moja, moja, moja. Kuna pahali aligongana na kumi na nane, wote wawili chini! Chai ilimtoka Roseline puani. "Huyu wamemtoa wapi? Si arudi tu nyumbani akaoshe vyombo!" Nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu hasira. Wachaguzi wako pale, wameshika kalamu, na huyu anamharibia mtu maisha!

Chini ya picha kuna mahali pa kuandika maoni. Nikaandika kwa Kiingereza, jina langu lote likionekana: thelathini na moja atolewe, hajui anachofanya, anawaharibia wenzake. Nikaweka na vile viuso vinavyocheka. Watu watatu wakapenda.

Robo ya tatu wakamtoa. Tukapiga makofi, mimi na Roseline, tukagonganisha vikombe.

Saa sita mchana

Ian ametuma sauti. Naiandika ilivyo.

"Mum. Leo nilikuwa mbaya. Eighteen, yule Majok, alikuwa mzuri, mimi nilimharibia. Wakanitoa. Pole, Mum. Mimi sijazoea mbele."

Nimesikiliza mara nne. Ya kwanza sikuelewa. Ya pili nilielewa nikakataa.

Nimeirudisha mechi nyuma, nikaisimamisha pale thelathini na moja anapotoka uwanjani akigeuza uso. Ni Ian. Lile sikio la kushoto lililokaa mbele kama la marehemu baba yangu. Ni mwanangu, ametolewa, anatembea ameinamisha kichwa, nami hapa napiga makofi.

Namba kumi na nane mwaka huu ni ya mtoto wa watu. Ian amekuwa nyuma msimu wote, kule picha isikofika. Kabla ya leo sijapata kumwona akicheza. Hata dakika moja.

Kabla sijampa mgonjwa panadol nasoma jina kwenye mkono wake, nasoma namba ya faili, halafu namuuliza mwenyewe anaitwa nani. Mgonjwa ninayemjua tangu jana! Mwanangu niliyemzaa nimempa jibu la maisha yake bila kumuuliza hata swali moja. Mwendo wangu, eti. Mguu wa kulia!

Nilikimbilia kuyafuta yale maneno. Hayapo. Badala yake kuna ujumbe wa Beverly. Anasema ameyafuta yeye mara tu alipoyaona, hadhani Ian ameyaona, na Allan hatamwambia. Mwishoni ameniandikia nijitunze.

Mwanamke huyu nimemchukia miaka minne. Leo hata hilo nimenyang'anywa.

Jumapili, 18 Mei

Sijui nimjibu Ian nini. Nimemtumia moyo mwekundu. Mtu wa miaka arobaini na tatu!

Roseline ananiambia nimwambie ukweli, mtoto ni wangu, atanisamehe. Nimwambie nini? Kwamba nilimcheka? Kwamba picha ilikuwa mbovu? Amekwenda kazini akitembea kwa ncha za vidole, kama kuna msiba.

Jumatatu, 19 Mei

Wagonjwa kumi na mmoja. Mmoja kavunjika fupa la paja, bado mtoto, alilia akimwita mamake kwa Kiarabu. Nilimshika mkono. Hilo naliweza.

Jumatano, 21 Mei

Orodha imetoka. Majok yumo. Ian hayumo.

Allan amepiga. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Amesema kocha anashangaa mpaka leo. Angebaki nyuma wangemchukua bila maswali, kwa sababu hakuna kijana jimbo zima anayeusoma mpira unaokuja kama yeye. Msimu wote amekuwa akiudaka juu ya vichwa vya watu. Wachaguzi walikuja wakimtafuta nyuma, wakamkuta mbele akigongana na wenzake.

"Nani alimwambia aende mbele?"

Nikamkumbusha kwamba hata yeye alisema mbele.

"Mimi husema tu," akanijibu. "Mimi huwa hanisikilizi."

Simu ilipokatika nilibaki nimeishikilia sikioni. Ningeweza kumuuliza Ian jambo moja tu, wewe unapenda wapi, naye angesema nyuma, nami ningesema basi kaa nyuma, baba. Asumpta aliniambia. Nikamwona mjinga.

Hakuna mwaka mwingine. Ndivyo Ian mwenyewe alivyosema, umri umempita.

Alhamisi, 22 Mei

Ian amepiga saa tatu unusu. Kwao jioni inaingia. Safari hii ameiweka simu mbali, juu ya kabati labda, namwona mzima, mabega, magoti, mikono imelala mapajani. Mwanamume. Nimemtazama kama mtu anayesoma kwa haraka barua atakayonyang'anywa.

Nilianza kusema pole kwa orodha. Akasema ni sawa, Mum, ni game tu. Nikamuuliza kama amekula. Amekula.

Kisha akasema Majok amemwonyesha picha kwa simu yake. Ni yale maoni, kabla hayajafutwa. Jina langu, viuso vyangu, kila kitu. Wamecheka nayo mazoezini tangu juzi, wakidhani ni shabiki fulani tu. Yeye hakuwaambia ni nani. Hakuinua sauti. Aliniangalia, au aliangalia ile simu, siwezi kujua.

"Mum, nikuulize? Mimi huvaa namba ngapi?"

Nimemwambia asubiri kidogo, Roseline anagonga mlango. Roseline yuko kazini tangu alfajiri. Nimeigeuza simu kifudifudi kitandani, nimechukua kalamu, sijui kwa nini nimechukua kalamu.

Nikisema thelathini na moja, basi nilijua ni yeye nikawaambia watu wamtoe. Nikisema kumi na nane, basi msimu wote nilipomwambia nakuona, nakuona, nilikuwa namwona mtoto wa watu, na jibu alilolifuata mpaka akapoteza kila kitu halikuwa lake.

Hakuna namba ya tatu.

Dakika mbili sasa. Hajakata. Nasikia kiti chake kikilia, nasikia mbwa wa kwao. Ameita mara moja. Ameita tena, taratibu, kile Kiswahili chake cha darasa la tano.

"Mum? Uko?"