Jina Ambalo Donatha Hakulitamka

Mukandutiye, acha maharagwe yaungue, usome hii! Muuza samaki anakuja huko kwenu Mahoko, nimemupa karatasi hizi zote.

Théoneste amemuaibisha muke wake, mujukuu wangu Donatha. Mezani kwake! Mbele ya wageni, na mi nimekaa pale pale na kikapu changu cha viazi. Unajua mi si mutu wa hasira.

Padri mugeni alimuuliza Donatha jina la baba mukwe wake. Akainamisha kichwa: "Ni yule aliyemuzaa mume wangu." Alijibu vizuri! Kwetu muke hatamki jina la mukwe. Mume akacheka! "Sema Nsengiyumva! Ushamba gani huu? Sema!" Donatha akalia, jina halikutoka.

Kisha Théoneste akaleta Kilatini chake cha seminari. Eti Warumi walimwita baba mukwe socer, mama mukwe socrus. Eti mpaka leo Waitaliano wanasema suocera, Wahispania suegra.

"Na Wafaransa?" nikauliza.

"Hao waliyaacha maneno hayo, mama. Wanasema beau-père, belle-mère, yaani baba muzuri, mama muzuri, kwa heshima."

Kwa heshima! Mukandutiye, kwa heshima!

Nikamwambia: "Bon. Mufaransa akikwepa neno la mukwe ni heshima. Donatha akikwepa ni ushamba?"

Nimeondoka na Donatha. Iko hapa kwangu, anamenya viazi vile vile. Mume akimutaka, aje aombe radhi. Na asiniletee Kilatini, aombe kwa lugha ya mama yake.