Njegere za Bibi Fetinya

Kaka yangu Nechai, huko gerezani,

Shemasi ananiandikia barua hii. Nyasi tumeshakata, na ng'ombe kazaa.

Jana karani wa hakimu alikuja kuuliza habari zako. Kila jirani alibusu msalaba, akaapa kuwa wewe ni mtu mwema, huwezi kuiba farasi. Zamu ya Bibi Fetinya ilipofika, akakukumbuka ulivyokuwa mdogo, akacheka:

"Nechai? Mwizi mkubwa wa njegere zangu yule! Nikigeuka tu, shati limejaa!"

Tukacheka sote. Karani hakucheka. Akaandika: jirani ameapa, Nechai ni mwizi. Shemasi anasema kwa neno hilo watakutundika kambani kwa mikono mpaka ukiri.

Bibi hajala tangu jana. Kakuchumia njegere, nimezifunga humu.

"Mwambie ale," anasema. "Safari hii nampa mwenyewe."

Dada yako,
Ustinya