Wiki ya Kupima Kamera ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Kamera ndogo ya gamma imefika. Ile yetu ya zamani imejaza chumba kizima. Hii naibeba kwa mkono mmoja kama pasi. Shemeji – kaka wa mume wangu, daktari wa upasuaji, mtu asiyejua kusubiri – anaitaka chumba cha upasuaji Alhamisi. Mgonjwa wa saratani anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, kamera inaonyesha imejikusanya wapi, yeye anakata hapohapo. Ikidanganya, anakata pasipostahili. Nimemwambia haitoki mpaka niipime. Akasema niliolewa kwao ili nimtese.

Jumanne, 4 Machi

Nimeweka dawa hiyo nyuma ya bamba la risasi, madini yanayozuia mionzi, lenye matundu, nikapiga picha. Matundu yote yameonekana, hata yale madogo kama mbegu ya ufuta. Nimefurahi, ila furaha yenyewe sijamwonyesha – ataota mapembe. Alichungulia mara nne. Anatembea ameshika kiuno kama mjamzito. Eti ni viti vya wodini. Nikamwambia huo ni uzee. Akasema uzee umeanza na mimi ninayeongea na mashine.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi shwari. Shemeji ana mkutano mjini. Raha!

Mchana nikaipima kamera bila kuweka kitu mbele yake. Hapo kioo chake kinatakiwa kiwe karibu kitupu. Shemeji akaja na chupa kubwa ya maji. Nikamwambia humu hakunywewi kitu, akaiacha koridoni, akakaa nyuma yangu. Kioo kikajaa nukta. Nikazima, nikawasha. Nikafuta meza, nikabadilisha glavu. Bado. Nikamwambia kamera yako ina wazimu, irudi ilikotoka. Akaenda msalani, nukta zikaisha. Akarudi, zikarudi. Akatoka kunywa maji, zikaisha tena.

Nikapata wazo nisilolipenda. Nikamwambia asimame mlangoni, halafu asogee taratibu. Akasimama, akasogea, na kila hatua nukta zikaongezeka. Mtu anayebishana hata na lifti, leo hakuuliza kwa nini.

Kamera haina kosa. Mionzi inatoka kwake.

Mkutano haukuwepo. Alidungwa dawa ya mionzi asubuhi hospitali nyingine, wakampiga picha ya mifupa, wakamwambia anywe maji mengi. Mgongo unamuuma miezi sasa. Majibu ni Jumatatu. Mkewe hajui, mume wangu hajui. Niliogopa. Nikasema basi tusubiri Jumatatu. Akacheka – yeye asubiri? Akavua koti na shati, akakaa kwenye stuli, akanipa mgongo.

"Si umesema inaona hata ufuta? Nipime, shemeji."

Nimempima. Uti wa mgongo wote unaonekana hafifu, ndivyo inavyotakiwa. Sehemu moja karibu na kiuno, kushoto, inawaka kuliko kwingine kote. Nikaisogeza kamera, nikarudia. Palepale. Huenda ni jeraha la zamani tu. Huenda. Siku mbili nimeipima hii kamera kwa kila njia ninayoijua, na sasa naiombea iwe mbovu.

Nimemwambia mashine inahitaji kupumzika kidogo. Uongo mtupu. Niko ofisini, naandika nisije nikalia. Yeye bado yuko kule kwenye stuli. Ukuta ni mwembamba, namsikia anaita.

"Shemeji, nitanie basi. Mbona umenyamaza?"