Nyumba ya Dodoma Niliyoinunua Nikiwa Jeppe

Mume wangu, Baba Salma,

Bado nasikia ulivyocheka siku ile chumbani kwetu Troyeville, huku ughaibuni, nilipokuambia nataka kununua nyumba ya kupangisha Dodoma. Ulikuwa unafunga vifungo vya sare yako ya ulinzi. "Eish, Mama Salma! Wewe unashona nguo Jeppe, nyumba iko Dodoma. Paa likivuja, nani atapanda?"

Ulipofariki, nikabaki na swali lako.

Mwaka jana dalali mmoja alinitumia video ya nyumba nzuri, vigae vinang'aa. Akataka malipo ya awali wiki hiyohiyo. "Wateja wengi, dada, utaikosa." Nilifika hadi kwenye dirisha la kutuma pesa, pale mjini, nikakukumbuka, nikageuka. Nikampigia dada yako. Wifi Rehema akapanda basi kutoka Tanga, akaenda kubisha hodi.

"Wifi," akaniambia kwenye simu, akinong'ona, "wenyewe wamo ndani wanakula. Hawana habari ya kuuza!"

Lakini dada yako hakurudi Tanga. Alimpata mjane anayeuza nyumba ya vyumba vitatu, akaenda naye ofisi ya ardhi kuhakiki hati, kisha akampandisha fundi juu ya bati, akague, kabla sijatoa hata senti. Nikainunua, nikaipangisha, na fundi huyo tukampa kazi ya kuitunza nyumba. Mvua ya kwanza bati likavuja kweli. Mpangaji akanipigia asubuhi, na hadi adhuhuri limeshazibwa, mimi sijanyanyuka kwenye cherehani. Umesikia, Baba Salma? Fundi alipanda!

Likizo hii nimekwenda na Salma. Alishika ukuta kwa viganja viwili. "Mama, ni yetu? Serious?"

Mpangaji mmoja, mwalimu kijana, akaniomba ruhusa apige msumari atundike saa. Unakumbuka mwenye nyumba wetu alivyotukataza, picha yetu ya harusi ikakaa sandukuni miaka yote?

"Piga, mwanangu," nikamwambia. "Piga hata kumi."

Nyundo ilipogonga nikapiga kigelegele, majirani wakatoka kutazama. Sikuona haya hata kidogo.

Mola akunurishie kaburi lako. Pumzika, mume wangu, tumeweza.

Mkeo,
Mama Salma, mwenye nyumba