Sweta Chini ya Vitenge vya Mama

Mama,

Wallahi bado sijaamini. Nimekaa mlangoni kwangu hapa Oli, chai imepoa, na kila nikifumba macho naiona mikono ya Mama Mdogo Zainabu ikikuvua nguo. Kitenge. Chini yake kitenge kingine. Halafu gauni. Halafu sweta. Sweta, Mama! Huko kwako Koboko, jua lile la kupasua kichwa, wewe umevaa sweta, na chini ya sweta sweta nyingine, na kiunoni taulo nzito imezungushwa na kufungwa kwa leso. Tulikuwa tumeita majirani waje kusaidia kukugeuza wakati wa kukuosha. Nilikugeuza peke yangu.

Nikapiga kelele. Najua haifai mbele ya maiti, lakini ilinitoka. Nilisema, "Huyu si mama yangu! Mama yangu ni mnene!" Wakanishika. Mbavu zako zilikuwa zinaonekana moja moja. Uso na miguu tu ndiyo iliyokuwa imejaa, kumbe ni kuvimba, nasi huko nje tulikuita mwenye afya.

Mama Mdogo alikuwa anamimina maji, hata hakuniangalia. Akasema, "Ni sukari. Aliniapisha nisiseme."

Sukari! Ningesikia umeanguka kwa moyo, ningekubali. Ningesikia malaria, ningekubali. Lakini umeugua mpaka umekwisha, na mimi mwanao nimekuja Koboko kila Idi, nimekula kwako, nimelala kwako, sijaona kitu. Idi iliyopita nilikukumbatia nikakuambia, "Mama, umenawiri." Ukajibu, "Alhamdulillahi, Mungu anatulisha." Ile niliyoikumbatia ilikuwa taulo.

Nimekasirika, Mama. Nakwambia wazi, maana sasa huwezi kunikatiza.

Najua ulikotoka. Babu alikuwa askari wa serikali, na serikali hiyo ilipoanguka mkakimbilia Congo, wewe ukiwa mtoto mdogo, mkala majani ya porini bila chumvi. Ulituhadithia tukiwa na sahani mbele yetu, tusithubutu kubakiza. Kwa hiyo uliporudi, ukaolewa na Baba, ukapata meza yako ya vitenge sokoni, ukaapa nyumba yako haitakuwa na mtu mwembamba. Asida, ugali wetu, mlima mzima, samli inatiririka pembeni, nyama ndani ya mchuzi wa karanga, chai tamu mpaka midomo inanata. Mtoto akisema ameshiba, unamtazama kama amekutukana. "Kula! Hii mutoto iko kama fimbo, watu watasema hatuna kitu."

Na majani ya kunde? Hayo yalikuwa chakula cha watu wa jembe. Ndivyo tulivyowaita wale waliokuja na muhogo kichwani, wembamba, wanatembea toka alfajiri. Sisi tulikuwa watu wa duka. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini ulipanda boda, mwenye boda akicheka na sisi tukicheka. Ulikuwa unasema, "Mutu anaona kwanza mwili, jina iko nyuma." Na kweli, ulipopita sokoni watu walikupisha. Nilijisikia fahari mpaka basi. Nilitaka kuwa kama wewe, na nikawa.

Mengine Mama Mdogo alinieleza baada ya maziko, huku analia. Kwamba daktari alikuambia zamani: punguza chakula, tembea, meza dawa. Kwamba ulitii! Hilo ndilo linaloniua. Ulitembea kwa miguu, ukapunguza asida, ukapungua kidogo, ukaanza kulala vizuri. Ulikuwa unapona, Mama.

Halafu Mama Sauda, rafiki yako, yule mke wa tajiri wa mabati, akakushika kifundo cha mkono mbele ya wateja. "Mama Hawa, hii kukonda ni ya nini? Usiniambie ni silim." Silim. Mpaka leo ukimwi huku tunauita hivyo, na aliyepungua haulizwi mara mbili, hukumu imeshapita. Wanawake wakacheka. Wewe pia ukacheka. Ukarudi nyumbani, ukatupa dawa chooni, ukamwambia Mama Mdogo, "Afadhali nife mnene."

Hata hilo hukulipata. Nesi wa hospitali amenieleza: sukari ikiachwa hivyo hufika mahali mtu anakula na mwili bado unayeyuka. Nyama ikaondoka, samli au hakuna samli. Ndipo ukaanza kujivalisha mwili wa nguo, asubuhi baada ya asubuhi, ukaenda kukaa juani kwenye meza yako ukitokwa jasho, watu wanasema mashallah.

Ungeniambia, Mama. Mimi ni nani kwako?

Basi sikia yaliyotokea tangu uondoke. Nilipanda boda mpaka hospitali ya Kuluva, nikatobolewa kidole kupimwa. Na mimi ninayo. Nesi akaniuliza nyumbani tunakula nini, nikaanza kumtajia kwa sauti ya maringo, kama wewe kabisa: nyama kila siku, soda haikosekani, gari mpaka mlangoni. Nilipofika katikati nikanyamaza mwenyewe. Yeye alikuwa anafuta meza tu.

Musa, mkwe wako, alipoona nimeanza kutembea jioni alinuna. "Ukikonda, watu wa Koboko watasema nimeshindwa kukulisha." Tuligombana. Lakini aliyenitoa machozi ni Salma. Mjukuu wako ana miaka tisa, akipanda kile kilima chetu anahema kama mzee, na shuleni wanamwita bosi na yeye anafurahi. Nilipika kunde, nikapunguza mafuta. Aliangalia sahani, akaniangalia mimi. "Mama, tumekuwa maskini?"

Mtoto wa miaka tisa! Nani alimfundisha? Mimi. Na mimi, wewe. Na wewe, njaa ile ya Congo. Nilikaa chini jikoni.

Arobaini yako ilijaa, Mama. Ungeipenda. Wali, mbuzi, masufuria hayafunikiki. Mama Mdogo akampakulia Salma, akaongeza, akaongeza tena. Halafu akaingia Mama Sauda, wakampisha kile kiti kikubwa. Akaniita nimsalimie. Akanishika kifundo cha mkono. Hivyo hivyo, vidole vile vile. "Hawa, na wewe umekonda. Kuna nini?"

Wanawake wote wakageuka. Mama, uso ulinichoma. Kwa mara ya kwanza nilikuelewa. Wallahi, kwa dakika ile hata mimi ningevaa sweta.

Lakini nikasimama. Nikasema kwa nguvu mpaka wanaume nje wakanyamaza: "Mimi iko na sukari. Mama yangu alikuwa na sukari, ndiyo ilimuua. Alivaa sweta juani kwa kuogopa midomo yenu!"

Mama Mdogo akajifunika uso. Mmoja akasema astaghfirullah, mtoto gani huyu anavua nguo za marehemu mbele ya watu. Nilichukua sahani ya Salma, nikarudisha nusu kwenye sinia, nikaenda nyuma ya jiko.

Nikasikia mtu anakuja anaburuta miguu. Mama Sauda. Anashika ukuta, anapumzika, anashika tena. Nikajipanga kwa ugomvi, maana nilikuwa na maneno, Mama, maneno makali ya kumtosha yeye na ukoo wake. Akaangalia nyuma kuhakikisha hakuna mtu. Akapandisha gauni kidogo. Juu ya kisigino palikuwa na kidonda kimefungwa kitambaa, harufu ikanipiga. Akasema kinakataa kupona, hajamwonyesha hata mumewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto.

"Hawa, hiyo kupima, inauma?"

Nikamshika mkono, nikamkalisha.

Mama, umevuliwa mbele ya watu mara ya pili, na hii ya pili nilikuvua mimi, kwa kusudi. Kama imekuumiza, nisamehe. Kama imekupunguzia mzigo, nijulishe hata ndotoni. Salma nakuahidi atakua na mwili wake mwenyewe, wala hatashindiliwa chakula kwa ajili ya macho ya soko. Akililia soda nitavumilia, Musa akinuna nitavumilia. Kwaheri, mama yangu. Mola akupokee kwa huruma ambayo sisi hatukukupa.

Jumatatu narudi Koboko. Namchukua Mama Sauda, nampeleka akapime. Anaogopa sindano, ameniomba nisimwachie mkono. Nitamshika mpaka watakapomaliza, huyo mwanamke uliyemwogopa kuliko sukari.

Mwanao,
Hawa