Mashine ya Evod Haizimiki

Jumanne, 1 Aprili 2025
Nimechagua. Hatimaye! Seva ya mradi imezeeka, na Bosi Donati kanipa majukwaa mawili niyapime. La kwanza linaendesha kontena tu, programu ndogondogo kila moja kwenye kiboksi chake. La pili linabeba kontena na pia mashine pepe nzima — kompyuta ndani ya kompyuta. Nimechukua la pili kwa ajili ya marehemu Evod, mwenzetu. Mashine yake ndiyo inayotuma meseji za hali ya mto kila asubuhi kwa wakulima wa Lupiro, na nywila kaondoka nayo. Kuiandika upya ningeanzia wapi? Nitaihamisha hivyo hivyo, kama mgonjwa anayebebwa pamoja na kitanda chake.

Mama yake, Mama Brigita, alisema msibani: kitu cha mwanangu kisiguswe hadi arobaini. Wala jina lake lisitumike mpaka wazee wamkabidhi mrithi. Tuliitikia wote. Basi naihamisha bila kuifungua.

Ijumaa, 4 Aprili
Imehama! Nimeliamuru jukwaa: mashine hii iwepo muda wote, ikizimika iwashwe. Nikaizima kwa majaribio. Ikarudi yenyewe. Donati akacheka, eti laiti na mwenyewe angerudi hivyo. Mimi sikucheka.

Asubuhi meseji imeingia hata kwangu. "Mto umetulia. Kazi njema. Evod." Mto huo huo ndio uliomchukua, akivuka pale kivukoni kwenda kutengeneza kipimo cha maji.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua haikatiki milimani. Dereva aliyetoka Chita anasema hajawahi kuona mito imejaa hivi. Na meseji? Mto umetulia!

Nimechungulia kumbukumbu za jukwaa, kwa nje, bila kugusa. Kila siku namba ile ile ya kina cha maji. Namba ya asubuhi aliyokufa. Kipimo kimenyamaza tangu siku hiyo, na mashine ikikosa namba mpya inarudia ya mwisho. Mungu wangu. Tumekaa tunaheshimu msiba, kumbe marehemu anawadanganya watu wake.

Donati: subiri kidogo, arobaini imekaribia, tusimuudhi mama. Mama mwenyewe yuko bondeni, juu ya dungu, anafukuza ndege kwenye mpunga. Nampigia, hapatikani. Nimeogopa, sijafanya kitu. Woga wangu huu!

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeizima. Imerudi. Nimeizima tena — imerudi! Nikapiga ishara ya msalaba kabla sijakumbuka kuwa amri ni yangu mwenyewe. Nikaifuta amri. Sasa imenyamaza, na mimi najiona kama nimeua mtu.

Nikawatumia wakulima wote kwa simu yangu: Mto unapanda, hameni bondeni leo. Jenifer. Majibu yakaja. Jenifer ndiye nani? Mwingine: matapeli mmeanza. Silvano, mvuvi wa Lupiro, kanipigia. Maji yameshapita ukingo upande wa juu, anasema, lakini watu wamekaa tu, Evod hajasema kitu.

"Silvano, Evod si mlimzika nyie?"

"Tulimzika, dada. Lakini meseji zake tunazipata."

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeandika maneno yale yale. Chini nikaweka: Evod. Jina halijakabidhiwa na mimi nimelichukua. Nisamehe, kaka. Nikatuma.

Silvano kapiga. Wanatoka! Magodoro vichwani, kuku, watoto mgongoni. Nimelia hapa mezani, sijali nani ananiona.

Halafu meseji, namba ya Mama Brigita. "Nimesikia, mwanangu. Natoka sasa hivi. Wewe umeshavuka?"

Nimeisoma nimesimama. Donati anauliza kuna nini. Nikimwambia mama si Evod, atarudi dunguni kwake. Nikikaa kimya je? Nampigia — simu yake haiiti. Nampigia Silvano — yake inatumika.

Nyingine imeingia, ya mama.

"Nipo hapa kivukoni. Nakungoja."