Nilivyouzima Moto wa Mama Rehema

Jumanne, Kibamba. Manyunyu tangu alfajiri, na nyumba nzima imenuna.

Hapa mtaani hakuna anayeijua bayogesi kama mie. Mtambo ule nyuma ya banda la ng'ombe nimeujenga kwa mikono yangu.

Uongo. Aliujenga fundi. Mie nilikuwa namshikia tochi na kumkosoa.

Ila somo nililisikia. Fundi alisema humo shimoni, gizani, mna wadudu wasioonekana kwa macho, na hewa kwao ni sumu. Wape mavi ya ng'ombe na maji, wafungie wasipate hewa, nao watakupa gesi ya kupikia. Nikacheka sana. Kumbe wapo viumbe wavivu kuliko mie, hata kupumua hawataki.

Tuliuweka kwa ajili ya kifua cha mke wangu. Moshi wa mkaa ulikuwa unambana mpaka analala amekaa.

Sasa Ijumaa watu walikuwa wanaleta posa ya binti yetu Rehema, na mie nikaona aibu ya harufu. Nikanunua dawa ya kuoshea choo, ile kali inayonukia ndimu, nikaimimina chupa nzima kwenye mdomo wa mtambo. Wageni walikula, wakasifu pilau. Jumapili moto ukawa mdogo kama unaomba radhi, halafu ukafa.

Mama Rehema aliponiuliza, nikamsingizia ng'ombe, eti kala majani mabaya. Akaniamini, masikini. Akawa anazunguka kumtafutia majani mengine, akirudi anapikia mkaa. Akilala namsikia anavyovuta pumzi, kama mtu anayeburuta gunia.

Leo kaiona chupa. Hakugomba.

"Harufu ya ng'ombe ina aibu gani, baba Rehema? Wangejua tunafuga, basi."

Akarudi kupepea mkaa wake, anakohoa.

 

Wasiotaka hewa nimewaua, na anayeitaka ndiye ninayemnyima.

Nimempigia fundi. Kanicheka kwanza, kisha akasema nitoe tope lote, nianze upya, na tope la kuanzia litoke kwenye mtambo ulio hai.

Shirima jirani, najua unasomaga blogu yangu hii kisirisiri. Ulipokwenda kwenu Krismasi, nani alikukamulia ng'ombe wako? Soda ya shukrani sitaki. Nataka ndoo mbili tatu za tope la mtambo wako, uzifunike gubigubi hewa isiingie. Nipitishie asubuhi, kabla huyu mama hajawasha mkaa.